Lifungue Neno Kama Baiskeli

Watu wengi hapa vijijini husema, "Mimi Kiingereza sikijui hata neno moja." Nimeyasikia maneno haya mara nyingi tangu nilipoanza kufundisha darasa la jioni la watu wazima. Lakini si kweli. Wewe unayesoma ukurasa huu una maneno mengi ya Kiingereza mdomoni mwako. Unayasema kila siku. Kazi iliyobaki ni kuyafungua uone yametengenezwaje.

Leo nataka kukueleza njia moja ya kujifunza maneno ya Kiingereza. Ni njia ya kuyachezea maneno, kama tunavyocheza na vitendawili jioni. Haihitaji vitabu vingi wala fedha. Inahitaji macho, masikio, na wenzako wawili watatu wa kucheka nao.

Huenda utauliza, "Kiingereza cha nini kwangu mimi mkulima?" Si cha kujigambia. Nyumbani mwako huingia makopo ya dawa ya shamba, mifuko ya mbegu, na chupa za dawa ya mifugo. Vingine vimeandikwa Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Vingine vimeandikwa Kiingereza tupu. Neno dogo usiloelewa kwenye kopo linaweza kukuletea hasara. Linaweza hata kuua. Nitakuonyesha.

Maneno ishirini kila usiku

Mimi nilijifunza Kiingereza nikiwa kijana. Mchana nilibeba mizigo, usiku nilikwenda darasani. Mwalimu aliandika maneno 20 ubaoni. Tuliyanakili, tukaenda nayo nyumbani, tukayakariri. Kesho yake aliyeshindwa kuyasema alisimamishwa mbele ya wenzake.

Maneno yale hayakuwa na uhusiano. Neno la kwanza lilikuwa jiko, la pili mto, la tatu mwalimu, la nne huzuni. Ijumaa ilipofika tulikuwa tumekariri maneno 100. Jumatatu yalibaki kumi. Wenzangu wengi waliacha kuja. Walisema vichwa vyao ni vizito.

Vichwa vyao havikuwa vizito. Kila neno lilikuja peke yake, kama mgeni asiye na jamaa hapa kijijini. Mgeni wa namna hiyo ni rahisi kumsahau. Lakini mtu akikuambia, "Huyu ni mtoto wa dada yake fulani," hutamsahau tena. Umepata pa kumweka.

Maneno nayo yana ukoo. Ukijua ukoo wa neno, hulisahau upesi.

Tuanze na lugha yetu

Chukua neno "lima." Kutoka hapo tunapata mkulima, kilimo na ukulima. Shamba lenye mawe mengi tunasema halilimiki. Mzizi ni mmoja tu, nao ni lima. Tunaupachika vipande mbele au nyuma, tunapata maneno mapya. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Ulijua tangu utotoni.

Kiingereza nacho hufanya hivyo. FARM ni shamba, na pia ni kulima. FARMER ni mkulima. FARMING ni kilimo. Unaona? Mzizi ni FARM. Sisi tunaweka kipande mbele, yaani "m" ya mkulima. Wao wanaweka kipande nyuma, yaani ER.

Sasa angalia jinsi kipande hiki kidogo kinavyofanya kazi:

TEACH ni fundisha. TEACHER ni mwalimu.
READ ni soma. READER ni msomaji.
WRITE ni andika. WRITER ni mwandishi.
SING ni imba. SINGER ni mwimbaji.
BUY ni nunua. BUYER ni mnunuzi.
SELL ni uza. SELLER ni mwuzaji.

Pamoja na FARM na FARMER hayo ni maneno 14. Lakini hukukariri 14. Umekariri saba na kipande kimoja.

Kumbuka jambo moja. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza sivyo. Kwa hiyo mwombe anayejua akutamkie neno, kisha uliandike pembeni kwa herufi za Kiswahili jinsi ulivyolisikia. Mimi hadi leo nafanya hivyo.

Kipande unacho tayari mdomoni

Nilipofundisha kipande hiki, niliwaomba wanafunzi wangu wataje watu na vitu vyenye majina ya Kiingereza. Wakaanza: dereva, meneja, spika, golikipa, trekta.

Tukayafungua moja moja. DRIVE ni endesha, kwa hiyo DRIVER ni mwendeshaji. Sisi tukalichukua neno lote pamoja na mkia wake, tukasema dereva. MANAGE ni simamia, MANAGER ni msimamizi, nasi tukasema meneja. Trekta ni TRACTOR. Hapa mkia umeandikwa OR, lakini kazi yake ni ile ile. Mzizi wake umetoka katika Kilatini, lugha ya kale ya Warumi, na maana yake ni kuvuta. Trekta ni mvutaji. Ndiyo maana linavuta jembe na tela.

Tulipofika kwa spika, nikaeleza kwamba SPEAK ni sema, na SPEAKER ni msemaji. Mama mmoja mwenye wajukuu akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwalimu, kumbe Spika wa Bunge ni msemaji tu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Maana ya neno ni hiyo."

Akasema, "Basi hata mimi nyumbani kwangu ni spika."

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau neno SPEAK. Kicheko kiliwasaidia kuliko orodha zangu zote za ubaoni.

Baiskeli darasani

Siku nyingine fundi baiskeli wa hapa kwetu alikuja darasani na baiskeli aliyokuwa akiitengeneza. Nikamwomba aisimamishe mbele ya darasa. Kazi yetu ikawa kufungua majina ya vifaa vyake, kama yeye anavyovifungua kwa spana.

Tukaanza na jina lenyewe. BICYCLE ina vipande viwili. BI ni mbili. CYCLE ni duara, au gurudumu. Kwa hiyo baiskeli ni "magurudumu mawili." Ukitaka magurudumu matatu, unaondoa BI unaweka TRI. Unapata TRICYCLE. Ukitaka iende kwa mota, unasema MOTORCYCLE, yaani pikipiki.

Keria je? CARRY ni beba. CARRIER ni mbebaji. Ni ule ule mkia wa ER. Keria hubeba gunia, mtoto na hata mbuzi.

Kisha tukafika kwenye madigadi. Hapa ndipo Kiswahili kilipofanya mzaha mkubwa. Kwa Kiingereza kifaa hiki huitwa MUDGUARD. MUD ni tope, GUARD ni mlinzi au linda. Ni kifaa kinachokukinga na tope. Sisi tuliposikia "madigadi," tulidhani hiyo "ma" ya mwanzo ni ya wingi, kama katika mayai na majembe. Tukaiondoa, tukapata umoja wake: digadi. Digadi moja, madigadi mawili. Mwingereza hawezi kutambua neno lake tena, lakini sisi tunaelewana.

Fundi akasema, "Miaka yote natengeneza walinzi wa tope, sikujua."

Neno moja linalofungua kopo

Sasa tutazame neno jingine. Golikipa ni GOALKEEPER. GOAL ni goli. KEEP ni tunza, shika, weka. Mkia wa ER unajua kazi yake. Golikipa ni mtunza goli.

Twende mjini. Kwenye mzunguko wa barabara kulikuwa na kibao kilichoandikwa KEEP LEFT. LEFT ni kushoto. Kibao kilimwambia dereva ashike upande wa kushoto. Watu walidhani hilo ni jina la mahali penyewe. Wakasema kipilefti. Na kwa kuwa neno linaanza na "ki" kama kiti na kisu, wingi wake ukawa vipilefti. Hivyo golikipa na kipilefti ni ndugu. Wote ni watoto wa KEEP.

Ndugu msomaji, usidhani huu ni mchezo tu. Chukua chupa ya dawa. Mara nyingi utaona maneno haya: KEEP OUT OF REACH OF CHILDREN. Neno la kwanza unalijua tayari. Ni lile la golikipa. CHILDREN ni watoto. Ukijua hayo mawili tu, umekwisha jua kwamba kuna kitu cha kutunza kuhusu watoto. Maana ya maneno yote ni hii: weka mahali ambapo watoto hawafikii.

Vipande vidogo vyenye nguvu

Sasa nataka uvijue vipande vichache vinavyokaa mbele au nyuma ya maneno. Ni vifupi sana. Jicho likiwa na haraka huviruka. Lakini ndivyo vinavyogeuza maana.

Kipande cha kwanza ni UN. Hukaa mbele. TIE ni funga, UNTIE ni fungua. FOLD ni kunja, UNFOLD ni kunjua. Kwa Kiswahili tunafanya kazi hii nyuma ya neno: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua. Wao wanaifanya mbele. UN pia hukataa sifa. SAFE ni salama. UNSAFE si salama.

Kipande cha pili ni RE. Nacho hukaa mbele. Maana yake ni "tena." USE ni tumia. REUSE ni tumia tena. Kwenye makopo ya sumu ya wadudu huandikwa DO NOT REUSE. Maana yake usilitumie tena kopo hili. Lakini tumeona mara ngapi kopo la sumu likioshwa na kuwekewa maji, au kupimia unga? Anayefanya hivyo hana nia mbaya. Kopo ni imara, na vyombo ni ghali. Ila kopo lenyewe linapiga kelele, na sisi hatulisikii.

Vipande vya tatu na vya nne hukaa nyuma, na ni maadui. Ni FUL na LESS. FUL ni "yenye." LESS ni "isiyo na." HARM ni madhara. HARMFUL ni yenye madhara. HARMLESS ni isiyo na madhara. Mwanzo wa maneno haya mawili ni mmoja. Mwisho ndio tofauti. Mtu akisoma mwanzo tu akaacha mwisho, hajui kama ameshika chakula au sumu.

Kipande cha tano ni EX. Maana yake ni "nje," au "kutoka." EXIT ni mahali pa kutokea. EXPORT ni kupeleka bidhaa nje ya nchi. Na lipo neno linaloandikwa kwenye dawa: EXPIRE. Mara nyingi huandikwa kwa ufupi, EXP, na mbele yake mwezi na mwaka. Neno hili zamani lilikuwa na maana ya kutoa pumzi nje, pumzi ya mwisho. Yaani kukata roho. Kwa hiyo dawa iliyopita tarehe yake ni dawa iliyokata roho. Mzee mmoja darasani kwetu aliposikia hivyo alisema, "Basi tusinunue maiti dukani." Sasa hanunui dawa ya mifugo kabla ya kutazama EXP.

Mbegu zilizopakwa dawa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike habari hii.

TREAT ni tibu. Neno hilo hutumika pia kwa mbegu. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuzikinga na wadudu au ukungu huitwa TREATED. Hizo ni za kupanda tu. Haziliwi na mtu, wala hazipewi kuku. Mbegu ambazo hazikupakwa dawa huitwa UNTREATED. Unaona? Tofauti ni herufi mbili tu, UN. Mara nyingi mbegu zenye dawa hutiwa rangi kali ili zijulikane. Lakini si kila mtu anajua maana ya rangi hiyo.

Hatari hii si ya kubuni. Ilipata kuwafika wakulima wa nchi ya mbali, nchi ya Iraki. Mwaka 1971, baada ya ukame na mavuno mabaya, nchi hiyo iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka nje. Zilikuwa zaidi ya tani 90,000. Mbegu hizo zilipakwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu ardhini. Zebaki ni sumu. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu, na magunia yaliandikwa maonyo. Lakini maonyo hayo yaliandikwa kwa lugha za kigeni, ambazo wakulima wa vijijini hawakuzijua.

Sehemu nyingine mbegu zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita. Nyumbani chakula kilikuwa haba. Watu wakasaga ngano ile, wakaoka mikate. Wako walioziosha mbegu. Rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Haikutoka. Wengine waliwapa kuku kwanza. Kuku hawakufa upesi, wakaona ni salama.

Sumu ile haiui siku ile ile. Hukaa mwilini kwa majuma. Kisha watu wakaanza kupata ganzi mikononi na midomoni. Wakayumba walipotembea. Macho yakafifia. Mwanzoni mwa mwaka 1972 hospitali zilijaa. Wagonjwa waliolazwa walikuwa 6,530. Kati yao 459 walikufa hospitalini.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wakulima kama sisi. Walitumia akili. Waliosha, walijaribu kwa kuku. Walichokosa ni mtu wa kuwaandikia kwa lugha yao, au wao kuweza kuyasoma maonyo yale.

Kwa hiyo wajibu uko pande mbili. Anayeuza sumu ana wajibu wa kuandika kwa lugha ya mnunuzi. Tuwe na sauti juu ya hilo. Ukiuziwa kopo lisilo na neno hata moja la Kiswahili, mwulize mwuzaji, na umwambie bwana shamba. Sisi nasi tuna wajibu wa kujifunza kufungua maneno machache yanayolinda maisha yetu. Tusingoje mpaka kila kopo liwe limeandikwa vizuri.

Mitego ya kuepuka

Njia hii ya kufungua maneno ina mitego. Lazima niiseme.

Darasani kwetu kijana mmoja alijua kwamba CORN ni mahindi. Akakutana na neno CORNER. Akasimama kwa furaha akasema, "Mwalimu, huyu ni mkulima wa mahindi!" Tulicheka sana, naye akacheka. CORNER ni kona, ile ile ya barabarani na ya mpira wa miguu. Haina uhusiano na mahindi. Hata hivyo nilimsifu, kwa sababu alikuwa anafikiri. Anayekariri kama kasuku hawezi kubuni mkulima wa namna hiyo.

Kiswahili pia kina mitego hii. Kitabu si tabu ndogo. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, katika ukoo wa maneno ya kuandika. Ndugu zake ni katibu na maktaba.

Vilevile neno moja linaweza kuwa na maana mbili. Sisi tuna mbuzi wa maziwa na mbuzi ya kukunia nazi. Tuna paa la nyumba na paa wa porini. Waingereza wana SWALLOW. Ni ndege mbayuwayu, na pia ni meza, kwa maana ya kumeza. Kwenye kopo likiandikwa HARMFUL IF SWALLOWED, hawazungumzi habari za ndege. Wanasema ina madhara ikimezwa.

Mtego mbaya kuliko yote ni huu. Mara nyingi kipande IN mbele ya neno hukataa, kama UN. CORRECT ni sahihi, INCORRECT si sahihi. Sasa FLAMMABLE ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi, kama petroli. Je, INFLAMMABLE ni kitu kisichoshika moto? Hapana! Nacho ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Maneno yote mawili yana maana moja. Hapa IN haikatai. Hata wenye lugha yao hukosea. Kwa sababu hiyo vibao vingi siku hizi huandikwa FLAMMABLE tu. Wewe ukiona neno lolote kati ya hayo mawili, weka kibatari mbali.

Kwa hiyo kila ukifungua neno, jiulize maswali mawili. La kwanza: nikiondoa kipande hiki, kinachobaki ni neno? La pili: maana ninayoipata inakubaliana na mahali neno lilipoandikwa? Ukiwa na shaka, na hasa kama ni sumu au dawa, usikisie. Mwulize anayejua kabla ya kutumia.

Ng'ombe mwenye majina mawili

Yapo pia maneno yasiyofunguka. Hayo yana hadithi badala ya viungo. Nitakupa moja, kwa sababu inatuhusu sisi wafugaji.

Kwa Kiingereza ng'ombe ni COW. Lakini nyama yake haiitwi "nyama ya COW." Huitwa BEEF. Kondoo ni SHEEP, lakini nyama yake ni MUTTON. Kwa nini?

Mwaka 1066 Uingereza ilitekwa na mtawala aliyeitwa William, kutoka Normandy, sehemu ya Ufaransa. Baada ya hapo wakubwa wa nchi walikuwa watu waliosema Kifaransa. Wachungaji na wakulima waliendelea kusema Kiingereza. Mnyama alipokuwa zizini aliitwa kwa lugha ya aliyemchunga. Alipofika mezani aliitwa kwa lugha ya aliyemla. Majina yote mawili yakabaki mpaka leo.

Niliposimulia hadithi hii darasani, hakuna aliyeuliza tena kwa nini ng'ombe ana majina mawili. Jambo hilo lilieleweka bila kueleza zaidi. Na uone pia kwamba Kiingereza chenyewe kimekopa maneno mengi. Kwa hiyo mtu asikucheke kwa kusema digadi. Kukopa si aibu. Kila lugha hukopa.

Fanya hivi

Kama unataka kuanza, fanya mambo haya:

1. Tafuta daftari dogo. Kila ukurasa uwe wa ukoo mmoja. Andika mzizi juu, na watoto wake chini.

2. Usichukue maneno 20 kwa siku. Chukua mzizi mmoja. Utafute watoto wake kwa juma zima.

3. Anza na maneno yaliyomo mdomoni mwako tayari, kama vile breki, soketi, stata. Uliza yameandikwaje kwa Kiingereza.

4. Soma makopo na mifuko ya nyumbani kwako pamoja na watoto wanaosoma shule. Wao wanajua kutamka. Wewe unajua dawa hiyo hutumikaje. Mtafundishana.

5. Chezeni. Mmoja ataje mzizi, wengine wapachike vipande. Anayetunga neno lisilokuwapo achekwe kidogo, kisha apewe nafasi nyingine.

6. Usikiache Kiswahili. Ndicho kilichokufundisha kufungua maneno. Kiingereza unakijia ukiwa na ufunguo wako mkononi.

Mama yule aliyejiita spika sasa ana daftari lenye koo nyingi. Juzi alinionyesha mfuko wa mbegu za mahindi alioununua. Alikuwa amepigia mstari neno TREATED. Chini yake aliandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, ili kila mtu wa nyumbani aone: ZIMEPAKWA SUMU. ZA KUPANDA TU.

Hayo ndiyo manufaa ya kujua maneno.

Maswali ya kujadiliana na wenzako

1. HELP ni saidia. HELPER ni nani?
2. FILL ni jaza. REFILL ni nini?
3. PAIN ni maumivu. Je, PAINFUL na PAINLESS zina tofauti gani?
4. WASHED ni iliyooshwa. UNWASHED je?
5. Nyumbani kwako kuna kopo au mfuko gani ulioandikwa kwa Kiingereza tupu? Nani kijijini anaweza kukusaidia kuusoma?

Majibu ya maswali manne ya kwanza: msaidizi; jaza tena; yenye maumivu na isiyo na maumivu; haijaoshwa. Jibu la swali la tano unalo wewe mwenyewe. Tafadhali lipate kabla ya msimu wa kupanda kuanza.